Dawa ya Majani, Sekunde Arobaini na Moja

Jambo zima liligharimu mashina sitini na saba ya pilipili manga, ndoo arobaini za maji ya mfereji, na mtani mmoja. Mashina niliyahesabu mara mbili, nikipanda mlima na nikishuka. Ndoo nilizihesabu kwa mabega. Mtani alikuwa mmoja tu, hesabu yake nyepesi, lakini ndiyo iliyonikosesha raha mpaka leo.

Vijana wa ugani mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Kupandishwa vyeo kumo kwenye faili, na faili mnalo ninyi. Mimi nitaandika yasiyomo.

Nimekulia Mwembesongo. Baba yangu Mnyamwezi aliyekuja Morogoro kutafuta kazi akasahau kurudi, mama akiuza mchicha na nyanya chungu kwenye meza ya mbao mbele ya nyumba. Nilijua kupatana bei kabla sijajua kusoma, na nilijua kwamba fungu la mchicha linahesabiwa mara mbili: mbele ya mteja, na tena mteja akishageuka, kuona kama hakuondoka na la ziada. Tabia hiyo niliingia nayo kazini.

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa viatu vya kisigino. Nilidhani ofisi. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kobelo, bwana shamba mkongwe wa tarafa ile, mtu mfupi mwenye kofia iliyokuwa na rangi zamani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama miguu yangu.

"Viatu hivi vinakwenda wapi?" akauliza.

"Kazini, mzee."

"Basi vitangulie. Maana wewe unakwenda Kinole."

Tulipanda. Saa ya pili nilikuwa peku, viatu mkononi, na Mzee Kobelo anaongea mfululizo kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Huko juu nilijifunza kwamba shamba la mlimani lina hesabu mbili. Ukipanda unaona mashina ya mbele yako, yaliyo chini ya ukingo yanakupita. Ukishuka unaona uliyoyaruka, unaruka uliyoyaona. "Hesabu ukipanda, hesabu ukishuka," aliniambia, "zikitofautiana, kaa chini unywe maji, uanze upya." Mimi niliyetoka kwenye meza ya mchicha nikajiona nimefika nyumbani.

Vifaa vyake vilikuwa vichache. Lenzi ndogo aliyoifunga kwa kamba shingoni. Kisu. Bomba la sindano la kupimia dawa, kwa sababu hakuamini vifuniko vya chupa: kifuniko cha chupa hii si kifuniko cha chupa ile, na mkulima ana chupa moja tu kichwani. Daftari lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Na pua. Mzee Kobelo hakutaja dawa kabla hajashika jani, akaligeuza, akalinusa. Mkulima angeweza kulia mbele yake, yeye anasema, "Sawa, mama, nipe jani kwanza."

Ugonjwa wa madoa meusi kwenye pilipili manga aliutibu kwa mrututu na chokaa. Alikoroga mwenyewe kwenye ndoo ya plastiki, inatoka bluu ya kung'aa ambayo ukiimwaga kwenye shati, shati hilo linakuwa la shambani milele. Dawa hiyo aliiita "dawa ya majani", maana inapigwa kwenye majani. Wakulima wakimsikia wanaitikia, "Ile ya bluu." Yeye anajibu, "Ile ile." Miaka hiyo hakukuwa na nyingine ya kuchanganya nayo, kwa hiyo jina lilitosha. Nililichukua jina hilo kwake kama nilivyochukua lenzi na daftari lake alipostaafu. Lenzi niliisafisha kila wiki. Jina sikulikagua hata siku moja.

Bi. Tausi nilikutana naye mwaka wangu wa kwanza. Tulikuwa rika moja. Alikuwa amekabidhiwa kipande cha shamba la ukoo wa mama yake, kimesimama kama ukuta, na alitaka kupanda pilipili manga mahali ambapo wajomba zake walizoea migomba. Aliponiona naja nyuma ya Mzee Kobelo alisimama na jembe begani.

"Ndiyo bibi shamba mwenyewe huyu? Kabila gani?"

"Mnyamwezi," nikasema.

Akapiga makofi. "Alhamdulillahi! Mtani wangu! Mzee, umefanya vizuri kutuletea mpagazi. Mizigo yetu ya ndizi iko pale."

"Ninyi Waluguru," nikamjibu, "watu wote wanaishi tambarare, ninyi mmekimbilia huku juu. Mlikuwa mnadaiwa na nani?"

Alicheka mpaka akaweka jembe chini. Tangu siku hiyo hatukuwahi kusalimiana kistaarabu. Akipita ofisini anauliza kama nimeshakula, maana Wanyamwezi wasipokula wanauma. Nikifika kwake nauliza kama mlima bado haujamtupa. Alipofiwa na mume, nilikwenda nikalala juu ya mkeka wa wafiwa nikakataa kuondoka mpaka nipewe kuku, kama mtani anavyotakiwa, na yeye katikati ya kilio akatabasamu. Vipando vya kwanza vya pilipili manga nilivibeba mimi mwenyewe kichwani, na hilo hakuniachia nilisahau: "Si nilisema mpagazi?"

Nieleze pilipili manga kwa mliozoea nyanya. Ukipanda leo, unaipandisha kwenye mti, unaipalilia, unaifunga kamba, unaitazama miaka mitatu ndiyo ikupe chochote cha maana. Nyanya ikifa unasema msimu umekufa. Shina la pilipili manga likifa, kimekufa kipande cha umri wako.

Miaka ikapita hivyo, ikaja simu. Kijana mmoja wa ofisini alinifungulia kundi la wakulima, tukaliita Jani na Jembe. Tulianza watu kumi na mmoja. Nilipostaafu tulikuwa mia nne na kumi na wawili. Nilihesabu mara mbili, ya pili ikatoka mia nne na kumi na mmoja, maana katikati ya hesabu mtu mmoja aliondoka kwa hasira za mpira.

Sitalisema vibaya kundi. Mle ndani nimejifunza mengi kuliko kwenye semina zilizonipa soda na kalamu. Kuna mama wa upande wa Matombo alipiga video ya sekunde ishirini akichavusha ua la vanila kwa mwiba wa mchungwa. Ananyanyua kile kiutando kwa ncha ya mwiba, anabonyeza kwa kidole gumba, basi. Nilikuwa nafundisha kitu hicho kwa kijiti na kwa maneno mengi kwa miaka, na watu wanavunja maua. Wiki iliyofuata kijiji kizima kilikuwa na miiba ya mchungwa nyuma ya masikio kama maseremala na penseli zao. Mwingine anaposikia bei ya ndizi sokoni imeporomoka anatuma sauti, watu wanaacha kukata mikungu siku hiyo. Mbegu mbovu ikiuzwa Jumatatu, Jumanne kila mtu anaijua kwa sura.

Lakini kundi lina njaa. Asubuhi moja nilihesabu ujumbe themanini na sita: salamu thelathini na moja, dua hamsini na moja, misiba miwili, mtu anauza pikipiki, na picha moja ya jani lililopigwa kivulini, na chini yake: "Bibi Shamba, hii nini? Naomba jibu haraka." Usipojibu saa hiyo, atajibiwa na mwingine asiyejua. Wasiwasi wangu wa kwanza ulianzia hapo. Nikaanza kushindana na wasiojua kwa mbio. Na ukishindana kwa mbio na mtu asiyejua, mnafika pamoja.

Mzee Kobelo alikuwa bado hai, anaishi mjini kwa binti yake. Nikamwonesha kundi kwa majivuno. Picha za majani, majibu yangu, mikono ya kushukuru. Aliichukua simu, akaileta karibu na macho, kisha akaipeleka puani akainusa. Akanirudishia.

"Haina harufu," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alifariki mwaka huo, na ile simu kila nikiishika namwona anainusa.

Sasa lenyewe. Ilikuwa imebaki miezi miwili nistaafu. Ijumaa nilikuwa Mzumbe kwenye mahafali ya mpwa wangu, watu wanapiga vigelegele, mashangazi wanagombea kupiga picha. Simu ikatetemeka. Bi. Tausi kaweka kundini picha tatu za pilipili manga: madoa meusi, majani yanakuwa njano pembeni, machache yameanguka. Akaandika: "Mpagazi, mzigo huu hapa."

Nilijua ni nini. Kusema kweli, nilijua kwa picha tu, na nilijua sawasawa; ugonjwa haukunidanganya. Nikajisogeza kwenye ukuta, nikabonyeza, nikasema kwa sauti ya kushinda vigelegele: "Mtani, usihangaike. Hayo madoa nayafahamu. Tafuta dawa ya majani, changanya kama tulivyozoea, piga majani yote, juu na chini, usiache hata moja. Na wengine wenye tatizo hili, dawa ni hiyo hiyo." Sekunde arobaini na moja pamoja na kukohoa. Sikusikiliza mara ya pili. Mimi ninayehesabu mchicha mara mbili sikurudia kusikiliza sauti yangu mwenyewe.

Bi. Tausi hakuwa na mrututu nyumbani. Akamwagiza wa bodaboda anayeshuka mjini: nenda duka la pembejeo, sema dawa ya majani. Sasa ninyi mnajua. Huko chini kwa watu wa mahindi na mpunga, na madukani mjini, dawa ya majani siku hizi ni dawa ya kuua magugu. Majani ni yale yanayopaliliwa. Jina limehama kimyakimya, kama mpangaji, na mimi niliyezaliwa mtaa wa jirani na maduka hayo nilikuwa natumia anwani ya zamani. Muuzaji hakukosea neno. Alipima kutoka kwenye dumu, akamimina kwenye chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo. Kwa hilo la lebo ana lake la kujibu. Lakini aliombwa dawa ya majani, na alitoa dawa ya majani.

Jumapili huwa nazima data nipumzike na jumbe zao themanini na sita. Jumatatu saa moja na dakika kumi asubuhi nikawasha, nikiwa na mswaki mdomoni. Ilikuwapo sauti ya Bi. Tausi ya jana jioni.

"Mtani, dawa nimepata. Kesho umande ukikauka naanza. Ila mbona si ya bluu? Ina rangi ya chai ya rangi."

Niliisikiliza tena. Nilitaka iwe imesema kitu kingine.

Nikampigia. Hapatikani. Bonde la kwake mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu, na mtu anayepiga dawa hakai juu ya jiwe. Nikaandika: USIPIGE. Alama moja. Nikatuma sauti. Alama moja. Nikamwandikia mwenyekiti wa kitongoji. Alama moja. Umande wa Kinole hukauka saa tatu, mapema kidogo jua likiwa kali. Nikatoka nje kutazama mlima. Uluguru haikuwa na wingu hata la kufutia kioo. Maisha yangu yote nimeulaumu mlima ule kwa mvua. Siku hiyo niliuomba mvua, ukaninyima.

Wa bodaboda akanitajia bei. Nikapanda. Hajawahi kuona mtu wa Mwembesongo akipanda bila kupatana. Mpaka tunafika Kiroka alikuwa ameshapunguza mwenyewe, nadhani kwa hofu kwamba amembeba mgonjwa. Njia nzima nilitazama simu ile alama moja iwe mbili. Kwenye miinuko nilishuka nikasukuma. Nilihesabu kona, nikapotea, nikaanza upya.

Nilimkuta katikati ya shamba, bomba mgongoni, khanga imefungwa puani.

"Mtani! Zima hiyo!"

"Salamu kwanza, Mnyamwezi. Mbona kandambili zako hazifanani?"

Nikatazama chini. Moja ilikuwa ya bluu, nyingine nyekundu. "Umepiga mangapi?"

"Haya ya chini yote. Bomba la pili ndiyo linaisha." Akaacha kupampu. "Kuna nini?"

Nikashika jani. Hatimaye nilishika jani. Lilikuwa limelowa vizuri, juu na chini, kama nilivyoagiza. Bi. Tausi ni mkulima makini. Hakuacha hata moja.

"Hii uliyopiga siyo," nikasema.

"Si ulisema dawa ya majani?"

"Nilisema."

"Na hii ni nini?"

"Dawa ya majani."

Akanitazama. "Wewe, utani una mahali pake."

"Inaua majani, Tausi. Hii inaua majani."

"Majani yapi?"

"Yote."

Alishusha bomba polepole, akaliweka chini kana kwamba ndani amelala mtoto. Halafu akaenda kuchukua ndoo. Dawa ya namna ile ikioshwa mapema, kabla haijazama, shina linaweza kupona. Linaweza. Tuliteka maji kwenye mfereji, tukaosha shina kwa shina, jani kwa jani, kwa mikono. Ndoo arobaini, ishirini mimi, ishirini yeye, na wa bodaboda amekaa juu ya jiwe anauliza kama bado tunarudi. Tulihesabu yaliyopigwa: tisini. Shamba zima ni mashina mia mbili na kumi na manne.

Nikimwaga ndoo ya mwisho nikajaribu utani. "Leo mpagazi amefanya kazi, eh?"

"Asante, afisa," akasema. "Umejitahidi."

Hakuwahi kuniita afisa. Nilishuka mlima nikijua kwamba, mashina yapone yasipone, kitu kimoja kimeshaungua.

Siku zilizofuata sizitamani hata kwa adui. Dawa ile haiui siku hiyo hiyo. Inaingia, inakaa, inakuacha ule na ulale huku unatazama jani la kijani usijue kama ni zima au ni maiti. Kila asubuhi Bi. Tausi alipanda juu ya jiwe akanitumia picha, mimi peke yangu, bila neno. Siku ya kwanza, kijani. Ya tatu, kijani. Nilizikuza picha mpaka zikawa vigae vya rangi. Nilikuwa naomba na kupatana: yafe kumi, yaokoke themanini, sawa, yafe ishirini. Siku ya nane ncha za majani machanga zilikuwa njano. Siku ya kumi na tatu nilipanda. Tukahesabu. Kupanda nilipata sitini na nane yaliyokufa, kushuka sitini na sita. Tulikaa, tukanywa maji, tukaanza upya. Sitini na saba. Ishirini na tatu yalipona, na hayo, maji ya mfereji ndiyo yaliyoyaokoa.

Sasa nawaambia kosa langu, maana hilo la kwanza lilikuwa bahati mbaya yenye jina langu. Hili la pili nililifanya nimekaa, kwa miwani.

Usiku kucha baada ya hesabu hiyo nilikuwa nimewaza mia nne na kumi na wawili wale, na kustaafu kwangu kulikobaki wiki chache, na hotuba zitakazosemwa. Asubuhi nikaandika kundini: "Tahadhari. Mkulima mmoja amepata hasara baada ya kutumia dawa isiyo sahihi. Tusome lebo kabla ya kupiga dawa." Lisomeni tena tangazo hilo. Kila neno ni kweli. Unaweza kulipitisha mahakamani. Ila mle ndani kuna mkulima, kuna dawa, kuna lebo, na mimi simo.

Mikono ya kushukuru ikamiminika. Mmoja akaandika: "Wakulima wengine hawasikii." Mwingine: "Ndiyo shida ya kutosoma." Mwingine akacheka kwa zile sura za njano zinazotoka machozi. Nikaona zikipita, nikanyamaza. Saa nne na nusu ikatokea mistari ile midogo ya kijivu: Bi. Tausi ameondoka.

Nilistaafu. Nilipewa saa ya ukutani, khanga doti mbili na hotuba tatu. Saa inachelewa dakika nne. Niliilinganisha na mbili nyingine.

Mwezi haujaisha, binamu yangu wa Tabora, anayelima karanga na hajui mimi nilikuwa nafanya kazi gani hasa, akanitumia sauti. Juu yake imeandikwa kwamba imesambazwa mara nyingi. Chini mtu kaongeza: "Ushauri wa mtaalamu. Tibu madoa ya majani. Mtumie na mwenzako." Nikabonyeza. Vigelegele. Kisha mimi: "Mtani, usihangaike. Hayo madoa nayafahamu."

Nilikaa chini jikoni. Mtu wa Tabora anasikia dawa ya majani, anakwenda dukani, anapewa nini? Na sauti ilikuwa nzuri, hilo ndilo baya lake: ya mtu anayejua, aliyeko kwenye furaha, asiye na shaka. Mimi mwenyewe ningeifuata.

Kesho yake nilipanda Kinole. Bi. Tausi alikuwa anakausha karafuu uani. Akaniletea kigoda na maji, akaniuliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja kwa majina. Adabu tupu. Sijawahi kuogopa hivyo.

Nikamwambia nimeleta pole, na nitaleta vipando sitini na saba, nitavibeba mwenyewe.

"Vipando ninavyo," akasema. "Nimekata kwenye yale yaliyopona."

"Basi niambie unataka nini."

"Sauti."

"Sauti gani?"

"Sauti yako ndiyo ilisema piga. Ndiyo iseme, 'Nilikosea mimi, si Tausi.' Mle mle kundini."

"Nitaandika leo leo. Vizuri, kwa jina lako."

"Maandishi umeshaandika. Nilisoma."

"Nitaandika jingine refu."

"Wanaosoma wachache. Wanaosikiliza wote." Akageuza karafuu kwa mkono. "Na iwe urefu ule ule. Arobaini na moja."

"Tausi, thelathini zinatosha kwa—"

"Arobaini na moja. Niliihesabu juu ya jiwe, mara mbili. Wewe ndiye ulinifundisha."

Nimepatana na wauza mbolea, madereva wa malori na wakwe. Pale sikupata hata sekunde. Nikapanda jiwe lake la mtandao, yeye amesimama chini kama mhasibu, nikasema. Nilisema jina langu. Nilisema dawa niliyokusudia ni ya ukungu, ile ya bluu ya mrututu, na kwamba madukani leo jina nililotumia ni la dawa ya kuua magugu. Nilisema Bi. Tausi wa Kinole alifuata maneno yangu neno kwa neno na akauliza swali sahihi, mbona si ya bluu, na mimi sikuwapo kulijibu. Zilitoka thelathini na nane. Akanitazama. Nikaongeza: "Naomba radhi." Zikawa arobaini na moja. Nikatuma.

Siku ile nilimrudisha kundini kwa mkono wangu. Mtu mmoja alimkaribisha. Watatu waliweka dole gumba kwenye sauti yangu. Wa nne aliuliza bei ya karafuu.

Na hapo ndipo nilipokwama, vijana. Ile ya kwanza bado inatembea. Tangu nistaafu imeshanirudia kutoka makundi tisa, na nimeyaandika kwenye daftari la mpira wa baiskeli: ya nyanya, ya karanga, la kwaya moja, la watu waliosoma pamoja, mengine sijui hata wanalima nini. Kila inapotokea namwomba aliyenitumia airudishe hii ya pili huko ilikotoka. Wanasema sawa. Sijawahi kuiona hii ya pili ikinirudia kutoka popote. Nadhani ni kwa sababu haina vigelegele.

Mimi nimebadili nilichoweza. Sisemi tena dawa ya mahali inapopigwa. Nasema dawa ya kumuua nani: ya ukungu, ya wadudu, ya magugu. Nataja rangi. Namwambia mkulima arudie alichosikia, na nasikiliza sauti yangu mara mbili kabla sijaiachia. Hayo chukueni, hayana mjadala.

Wiki iliyopita nilikuwa Kinole. Vipando vipya vimeshika, Bi. Tausi ameshavifunga kamba. Nilivihesabu kupanda na kushuka, vikalingana. Nikamwonesha daftari, makundi tisa. Akalisoma lote, akalifunga kwa mpira, akanitupia mapajani.

"Huo mzigo ni wako, Mnyamwezi," akasema. "Beba."

Nilishuka mlima mzima nikitabasamu kama mwehu, na nilipofika chini hofu ilikuwa pale pale inaningoja. Kwa hiyo ninyi mnaozijua simu kuliko mimi, mnaokaa kwenye makundi mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, naomba mnishauri: sauti iliyokosea inakimbia, iliyosahihisha inakaa pale ilipotua. Nifanyeje itembee? Niongeze vigelegele? Na kila mmoja wenu afungue makundi yake leo, atafute mwanamke anayeshindana na kelele za mahafali, anayesema usihangaike. Mkimpata, hangaikeni. Niandikieni amefika wapi.